Risasi kwenye udongo wa uani: namna ya kuichunguza na kumkinga mtoto, hatua kwa hatua

Kama unaishi mjini na una mtoto anayetambaa au kucheza uani, mwongozo huu ni wako. Unahusu metali nzito zilizomo kwenye udongo wa mitaa yetu, na zaidi ya zote madini ya risasi, yaani ile metali ya ndani ya betri za magari, kwa kuwa ndiyo yanayoumiza watoto wengi na ndiyo ambayo familia yenyewe inaweza kuyapunguza bila kungoja mradi wa serikali wala wa wafadhili. Sumu nyingine za jamii hiyo, yaani kadimi, aseniki na kromi, nitazigusa pale zinapohusika tu.

Watu wakisikia udongo umechafuka, fikra ya kwanza huwa ni mboga. Mboga zina mahali pake na nitazifikia. Lakini kwa mtoto wa chini ya miaka sita, risasi huingia mwilini hasa kwa vumbi: linaganda viganjani, na viganja vinaingia mdomoni mchana kutwa. Ndiyo maana hatua za mwanzo hapa zinahusu mikono, sakafu na fagio, na bustani inakuja mwishoni. Ukiwa na nguvu ya kufanya jambo moja tu wiki hii, shughulikia vumbi.

Hesabu yake ni hii. Mtoto mdogo humeza miligramu 50 hadi 100 za udongo na vumbi kwa siku, hata asipokuwa na tabia ya kula udongo. Hiyo ni chembe tu, haijazi hata ncha ya kijiko cha chai. Sasa chukua ua ambao kila kilo ya udongo wake ina miligramu 2,000 za risasi, kiwango kinachopatikana kwa urahisi pale palipowahi kupasuliwa betri za magari. Kwenye miligramu 100 za udongo huo mtoto amemeza maikrogramu 200 za risasi. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani imeweka maikrogramu 2.2 kwa siku kuwa kiwango cha tahadhari kwa risasi anayoipata mtoto kwenye chakula. Na mtoto hufyonza hadi nusu ya risasi anayoimeza, ilhali mtu mzima hufyonza karibu sehemu moja ya kumi. Baba na mtoto wanaweza kuishi chumba kimoja, wakala vumbi lile lile, na mtoto peke yake akaumia.

Risasi ikishaingia, mwili huidhania kuwa ni kalsiamu. Hukaa kwenye damu kwa muda wa mwezi hivi, kisha sehemu kubwa huhamia kwenye mifupa na kutulia humo kwa miaka 10, 20, hata 30. Mama aliyeipata utotoni huweza kuiachia tena kwenye damu anapobeba mimba, nayo ikavuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa ni salama. Madhara yake makubwa ni kwenye ubongo unaokua: mtoto anachelewa kuongea, anashindwa kutulia, anakuwa mzito wa kujifunza. Na yote hayo hutokea akiwa anaonekana mzima, anakula, anacheza na wenzake.

Dalili za wazi huja risasi ikiwa imepanda sana: tumbo la kusokota, kukosa choo siku kadhaa, kutotaka kula, kupauka kwa upungufu wa damu, kutapika, na mwisho degedege na kupoteza fahamu. Hapo kwenye degedege ndipo wazazi wengi hupotea njia, kwa sababu kila mtu anaijua degedege ya malaria. Mwaka 2010 katika jimbo la Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, watoto walikufa wengi kwenye vijiji ambako watu walikuwa wakisaga mawe ya dhahabu majumbani, na mwanzoni vifo vilidhaniwa kuwa ni vya malaria. Ilikuwa risasi iliyokuwa ndani ya mawe yale. Watoto zaidi ya 400 walipoteza maisha. Miaka miwili kabla yake, Thiaroye-sur-Mer, pembeni ya Dakar, walikufa watoto 18 baada ya watu kukusanya na kuchekecha udongo wa eneo lililokuwa likipasuliwa betri. Mtoto akipata degedege na kipimo cha malaria kikatoka safi, mwambie daktari kazi zinazofanyika karibu na nyumbani kwenu. Usingoje akuulize.

Hatua ya 1: Uliza historia ya kiwanja

Risasi haiozi, haiyeyuki na mvua, wala haiondoki kwa kukaa miaka. Kilichomwagwa hapo mwaka 1995 kipo. Kwa hiyo kabla ya kutafuta maabara, tafuta mzee aliyekaa mtaa huo muda mrefu, au mwenye nyumba, na uulize nani alikuwa akifanya nini hapo zamani.

Uliza kuhusu mafundi wa betri, gereji, wanunuzi wa vyuma chakavu, na vijana wanaochoma nyaya ili wapate shaba. Uliza kama kiwanja kilijazwa kifusi, na kifusi hicho kilitoka wapi. Uliza kama palikuwa dampo. Dandora, Nairobi, utafiti ulioungwa mkono na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) mwaka 2007 ulipima watoto 328 wanaoishi na kusoma jirani na dampo, na nusu yao walikutwa na risasi kwenye damu kwa kiwango ambacho wakati ule tayari kilihesabiwa ni cha hatari. Palipokuwa na kiwanda cha ngozi, hofu ni kromi. Palipowekwa nguzo au mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, ni aseniki. Nyumba iliyo kando ya barabara kuu ya zamani ina mabaki ya petroli yenye risasi, ambayo nchi zetu ziliachana nayo kufikia mwanzoni mwa 2006. Magari yaliacha kuitoa, udongo wa kando ya lami umeihifadhi.

Pwani kuna kazi moja ambayo watu hawaihesabu kabisa: kusubu chubwi za mishipi na nyavu. Inafanyika uani, jioni, watoto wakiwa pembeni wanatazama. Sahani za betri kuukuu zinawekwa kwenye kikaango juu ya mkaa, zinayeyuka, na juu yake linatanda gamba la kijivu. Mtu analikwangua kwa kijiti na kulitupa chini, kisha anamimina risasi inayong'aa kwenye vishimo alivyochimba mchangani. Macho yote yako kwenye ile inayong'aa. Lile gamba lililotupwa ndilo baya zaidi, kwa kuwa likipoa linasagika kama unga, linaganda vidoleni kirahisi, na tumbo hulifyonza kuliko kipande kizima. Kama kazi hii inafanyika kwenu, isogezwe mbali na makazi leo hii, na anayeifanya aoge na kubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto.

Ukishauliza, inama utazame chini. Vipande vya plastiki nyeusi ngumu, vyenye kingo kama vigae, ni maganda ya betri. Tope gumu la kijivu au la manjano iliyofifia, udongo ambao hata ukoka hauoti, mawe mazito kuliko ukubwa wake, rangi ya ukutani inayobanduka kama magamba na kulundikana chini ya dirisha: andika vyote, na mahali ulipoviona. Betri moja ya gari hubeba kilo kadhaa za risasi. Kilo moja tu, ikivurugika sawasawa, inatosha kufikisha tani 5 za udongo kwenye miligramu 200 kwa kilo, na baadaye utaona kwa nini namba hiyo ni muhimu.

Hatua ya 2: Zima vumbi kabla majibu hayajarudi

Majibu ya maabara huchukua wiki. Hatua hii haigharimu chochote cha maana, na haina hasara hata ikija kuonekana udongo ni safi.

Acha kufagia ua ukiwa mkavu. Fagio la chelewa kwenye udongo mkavu asubuhi ndilo linaloinua vumbi jembamba na kulisambaza hadi kwenye vyombo na vitanda. Nyunyiza maji kwanza, udongo ulowane bila kuwa tope, ndipo ufagie. Ndani, piga deki kwa kitambaa kilicholoa badala ya kufagia, na maji ya deki yamwage chooni au kwenye mtaro, si pale mtoto anapocheza. Futa madirisha na vizingiti kwa kitambaa cha maji pia. Ndipo vumbi linapolala.

Viatu na kandambili zibaki nje ya mlango. Weka gunia lililoloweshwa mlangoni, watu wapanguse miguu, na ulisuuze kila jioni. Baba, kaka au mpangaji anayefanya kazi gereji, kwenye betri au vyuma chakavu, avue nguo za kazi kabla ya kuingia ndani na nguo hizo zifuliwe peke yake. Hili la nguo za kazi nalitia mkazo kwa sababu nyumba inaweza kuwa safi, ua safi, na risasi ikawa inaingia kila jioni mfukoni mwa suruali.

Mikono ya mtoto ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kula, kabla ya kulala, na kila akitoka nje. Beseni moja la watu wote kunawia halifai hapa, maana wa mwisho ananawa vumbi la wenzake. Kucha zikatwe fupi. Chuchu ya bandia au mdoli ulioanguka chini usipanguswe kwenye kanga na kurudishwa mdomoni; uoshwe. Mtandikie mkeka au jamvi mtoto anayetambaa, na jamvi hilo likung'utiwe mbali na mlango, likiwa na unyevu.

Na mtoto asikae na njaa. Tumbo tupu hufyonza risasi nyingi zaidi, vivyo hivyo mwili wenye upungufu wa chuma na kalsiamu. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa, maharage, maini mara moja moja, pamoja na chungwa, pera au ndimu ya kusaidia chuma kufyonzwa. Chai ya rangi ipishane na mlo, kwani hukizuia chuma hicho. Chakula hakiondoi risasi, ila kinapunguza inayoingia.

Hatua ya 3: Chukua sampuli ya udongo

Hapa watu hukosea kwa kuchota konzi moja katikati ya ua na kuipeleka. Risasi haikai sawasawa. Hatua tatu tu za mguu zinaweza kutenganisha udongo safi na udongo mbaya sana.

Gawa eneo lako kwa matumizi: pale watoto wanapocheza, bustani, chini ya ukuta uliopakwa rangi au chini ya mdondoko wa bati, na njia ya kuingilia. Kila eneo ni sampuli yake. Ndani ya eneo moja, chota sehemu 5 hadi 10 zilizotawanyika, uzichanganye kwenye beseni la plastiki. Mahali pa kuchezea, chota udongo wa juu tu, sentimita 2 au 3, kwa sababu huo ndio unaogusa mikono. Bustanini, shuka sentimita 15 hadi 20, ambako mizizi inafika. Tumia kijiko cha plastiki au cha chuma kisichoshika kutu. Karai la bati na koleo lililopakwa rangi vinaweza kuongeza metali zao kwenye sampuli.

Toa mawe na majani, anika kivulini juu ya karatasi safi mahali ambapo mtoto na kuku hawafiki, kisha tia nusu kilo kwenye mfuko mpya wa plastiki. Andika juu ya mfuko tarehe, mahali na kina. Chora ramani ndogo ya ua kwenye daftari, kwa sababu majibu yakirudi yakiwa na namba nne na hukumbuki ipi ni ya wapi, umepoteza fedha. Baada ya hapo osha mikono na vyombo.

Ukikuta vipande vya maganda ya betri, visiingie kwenye mfuko wa sampuli. Vipige picha, uvikusanye kwa glavu, uvitie kwenye ndoo yenye mfuniko.

Hatua ya 4: Maabara, na namna ya kusoma majibu

Kipimo cha kawaida cha udongo wa shamba kinapima naitrojeni, fosforasi, potasiamu na uchachu. Hakipimi risasi. Omba kwa maneno haya: jumla ya risasi, kadimi na aseniki, pamoja na pH (namba ya uchachu wa udongo), majibu yatolewe kwa miligramu kwa kilo. Tanzania, uliza Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iliyoko Dodoma, au Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Kenya, anzia maabara ya udongo ya shirika la utafiti wa kilimo na mifugo (KALRO), Kabete, au Mkemia wa Serikali. Piga simu kwanza uulize kama wanapima metali nzito na ni bei gani. Kaya tano zikichangia sampuli moja moja kwa kila ua, mnapata picha ya mtaa mzima kwa bei ambayo kila nyumba inaimudu.

Kuna pia mashine ya mkononi ya XRF, ile inayofanana na bastola, ambayo wanunuzi wa dhahabu na baadhi ya wafanyabiashara wa vyuma huitumia. Inasoma risasi kwenye udongo mkavu papo hapo. Mwenye nayo akikubali kuja mtaani kwa saa moja, mtapima vituo vingi kuliko ambavyo mngemudu kuvilipia maabara. Vile vijiti vya kubadilika rangi vinavyouzwa mtandaoni kwa ajili ya rangi za ukutani havifai kwa udongo, usivinunue.

Udongo usiochafuliwa huwa na risasi ya miligramu 10 hadi 50 kwa kilo. Mwaka 2024 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilishusha kiwango cha tahadhari kwa udongo wa makazi kutoka 400 hadi 200. Mimi ninavyoshauri ni hivi: chini ya 100, endelea na maisha na usafi wa kawaida. Kati ya 100 na 200, funika sehemu zilizo wazi na panda mboga za majani kwenye udongo ulioletwa. Ukivuka 200, mtoto asichezee udongo ulio wazi. Ukivuka 1,000, watoto wote wa nyumba hiyo wapimwe damu na kazi ya kufunika ianze mara moja, hata kama ni kwa turubai na mawe kwa sasa.

Hatua ya 5: Damu ya mtoto

Udongo unakuonyesha hatari iko wapi. Damu ndiyo inayosema mtoto yuko wapi. Zahanati ya mtaani kwa kawaida haina kipimo hiki. Omba rufaa kwenda hospitali kubwa au maabara binafsi inayopeleka sampuli nje. Damu itolewe kwenye mshipa. Ikitolewa kidoleni, kidole kioshwe kwa sabuni kwanza, kwa kuwa vumbi lililo juu ya ngozi linaweza kuongeza namba kwa uongo.

Majibu huandikwa kwa maikrogramu kwa desilita. Kuanzia 5, WHO inataka chanzo kitafutwe na kiondolewe, na mtoto ambaye chakula chake ni duni aongezewe kalsiamu au chuma. Kuanzia 45, mtoto anahitaji dawa ya kunasa risasi na kuitoa kwa mkojo, chini ya daktari, na hiyo ni dharura hata kama anacheza. Kati ya namba hizo mbili, tiba yenyewe ni kuondoa chanzo. Najua inavunja moyo kuambiwa hakuna dawa ya mtoto mwenye 20, lakini dawa hiyo ina madhara yake, na mtoto akirudi kwenye vumbi lile lile namba inapanda tena. Usinunue unga wala chai ya kusafisha damu. Baadhi ya dawa za aina hiyo zimekutwa zenyewe na risasi.

Mama anayenyonyesha aendelee kunyonyesha. Ni pale damu yake mwenyewe inapofika 40 au zaidi ndipo daktari hukaa naye kulijadili.

Ikitokea damu ya mtoto iko juu na udongo ni safi, tafuta ndani ya nyumba. Wanja wa manga, anaopakwa mtoto siku za mwanzo, mara nyingi ni jiwe lenye risasi lililosagwa. Sufuria zilizosubiwa mtaani kwa vyuma chakavu hutoa risasi, hasa ukipikia nyanya, ukwaju au ndimu. Udongo wa kula, ule wa pemba au odowa wanaoupenda wajawazito, una risasi na aseniki kwa viwango visivyotabirika, na kuuoka hakuzitoi. Kwa mjamzito hili ni la kuacha kabisa. Anayesikia hamu kali ya udongo apimwe damu kwa upungufu wa chuma.

Hatua ya 6: Funika

Kuchimba na kuhamisha udongo wote ni kazi ya serikali au ya aliyechafua, na ikifanywa ovyo huchafua mtaa wa pili. Unachoweza wewe ni kukata njia kati ya udongo na mkono.

Ondoa kwa mkono vile vipande vya betri na matope ya kijivu, ukiwa umevaa glavu na barakoa, udongo ukiwa umeloa. Tandaza magunia au viroba juu ya eneo, ili siku za mbele atakayechimba ajue ameufikia udongo wa zamani. Juu yake weka udongo safi wa sentimita 15 hadi 30, uushindilie, upande ukoka. Udongo huo usitoke bondeni mwa mto unaopita viwandani. Pima mfuko mmoja kabla ya kununua lori. Kama maji ya kumwagilia ukoka ni shida, kokoto nene au zege la mlangoni na njiani ni bora zaidi. Mpangaji asiyeweza kumwaga zege anaweza kukubaliana na mwenye nyumba kuhusu kokoto, na bei yake ikakatwa kwenye kodi.

Usiyachome maganda ya betri. Usitupe udongo mchafu uliouondoa mtoni wala kwenye mikoko. Uutie kwenye viroba viwili, kimoja ndani ya kingine, uviweke juu ya kitu pakavu, na uripoti kwa afisa mazingira.

Rangi kuukuu ukutani isikwanguliwe ikiwa kavu wala isichomwe kwa moto wa gesi. Ilowanishe, kwangua, kusanya magamba kwenye turubai. Ukinunua mpya, tafuta kopo lililoandikwa kwamba halina risasi. Kiwango cha juu ambacho UNEP inapendekeza kwa rangi ni miligramu 90 kwa kilo.

Kisima nacho kinaulizwa sana. Risasi hushuka ardhini polepole, lakini tindikali ya betri huisukuma. Kisima kilicho jirani na palipopasuliwa betri kipimwe. Kuchemsha maji hakuiondoi risasi.

Hatua ya 7: Bustani

Mmea haupendi risasi. Nyingi huishia mizizini. Kwa hiyo nyanya, bamia, bilinganya, pilipili na nyanya chungu ndizo salama zaidi. Karoti, mihogo na viazi vinakaa ndani ya udongo wenyewe, na mchicha, matembele na sukuma wiki hubeba vumbi juu ya majani. Kadimi ni tofauti: hiyo hupanda hadi kwenye majani bila taabu, na ikiliwa miaka mingi huharibu figo. Ndiyo sababu mchicha wa mabondeni mjini una wasiwasi wake. Tangu mwaka 1999 kuna utafiti uliochapishwa ulioonyesha risasi na kadimi kwenye mboga za kando ya mito ya Sinza na Msimbazi, Dar es Salaam, ambako maji machafu hutumika kumwagilia.

Kwa ua mdogo, bustani ya gunia ndiyo njia nyepesi. Jaza udongo uliopimwa na mboji, panda juu na ubavuni. Gunia lisiwe lililobebea betri, dawa za shamba au vyuma. Kama lazima upande ardhini, ongeza mboji na samadi kwa wingi, na kama pH iko chini ya 6.5 tia chokaa ya kilimo, kwa sababu udongo mchachu huziachia metali hizi ziingie kwenye mmea. Tandaza majani makavu ili mvua isirushie tope kwenye mboga. Kaa mbali na ukuta wa rangi na ukingo wa barabara kadiri nafasi inavyoruhusu.

Jikoni, mchicha uoshwe maji matatu, majani ya chini yenye udongo yatupwe, na mizizi yote imenywe. Kuosha kunatoa vumbi. Kilicho ndani ya jani hakitoki.

Hatua ya 8: Kama chanzo bado kinafanya kazi

Huwezi kufunika udongo wakati jirani anaendelea kuyeyusha. Fundi mdogo, ongeeni naye kwanza. Mwonyesheni majibu, mwambieni wanawe wapimwe pia. Mara nyingi wao ndio wenye namba kubwa kuliko wote, naye hajui. Akikubali kuuza betri nzima bila kuzipasua, mmemaliza nusu ya tatizo.

Kiwanda ni jambo jingine. Owino Uhuru, Mikindani, Mombasa, wakazi walikaa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu tangu 2007 hadi kilipofungwa 2014. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi hapo. Mwanawe mchanga alipougua na kukutwa na risasi kwenye damu, akaanza kuwapeleka majirani kupimwa. Vile vipimo vya damu na vya udongo ndivyo vilivyosimama mahakamani. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaitengua amri hiyo 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Kwa hiyo tunza karatasi. Katiba ya Kenya, kifungu cha 42, inakupa haki ya mazingira safi, na kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwanza kwamba wewe binafsi umeumia. Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inatoa haki hiyo hiyo. Barua iandikwe kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa au chifu, nakala kwa afisa afya na kwa wasimamizi wa mazingira wa taifa (NEMA kwa Kenya, NEMC kwa Tanzania), igongwe muhuri wa kupokelewa, na nakala yake ibaki kwako. Andika tarehe, saa ambazo moshi hutoka, umbali hadi shule au nyumba ya karibu, namba za udongo, na idadi ya watoto wa chini ya miaka sita. Majina ya watoto na majibu ya damu yao yasisambazwe kwenye kundi la simu la mtaa. Yabaki kwa wazazi, daktari na wakili.

Baada ya kufunika na kubadili usafi, rudisha damu ya mtoto maabara kati ya mwezi mmoja na miezi mitatu, kutegemea ilikuwa juu kiasi gani. Namba itashuka taratibu, kwa sababu mifupa inaendelea kurudisha ilichohifadhi. Ikikaa pale pale au ikapanda, kuna chanzo ambacho hakijapatikana: anzeni tena na viatu, nguo za kazi, wanja na sufuria, kisha mrudie udongo wa pale mtoto anaposhinda mchana, ambapo pengine si kwenu, ni kwa bibi yake au kwa mama anayemlea.